Rafiki wa gemu kaniambia amechoka kuishi. Namjua kwa jina la gemu tu. Nifanyeje?

#1 MtuWaBarani · Jumamosi, saa 9:10 usiku

Wadau, salamu. Nina jambo na hapa nyumbani sina wa kumwuliza saa hizi.

Kuna jamaa nacheza naye PUBG Mobile, gemu la simu la kupigana, tangu mwaka jana. Skwadi yetu ni ya watu wanne: wawili wa hapa Malindi, mmoja yuko Lamu, na huyu wa nne seva ilimtupa kwetu mechi moja, akacheza vizuri, tukamwambia abaki. Jina lake la gemu siliweki hapa, nitamwita Kaskazi. Anasema yuko Tanga. Sauti ni ya kijana. Umri sijui, uso sijauona.

Leo wenzetu walipotoka tukabaki wawili lobi, pale pa kusubiria mechi. Nikamtania kwamba siku hizi anakufa mapema kwenye mechi kama mtu anayetaka. Akanyamaza. Kisha akaandika, hakusema kwa maiki: "Bora ingekuwa kweli. Nimechoka kuishi. Wewe ndiye wa kwanza kukwambia." Nilipouliza anamaanisha nini akanijibu sahau, kalale. Mpaka sasa taa yake ni ya kijani, yupo mtandaoni.

Nimwandikie nini? Polisi wa wapi nitawapigia na sijui hata anaitwa nani? Naogopa nikikosea neno nitamsukuma.

#2 Booyah_Watamu · saa 9:14 usiku

PUBG bado mnacheza? Hamieni Free Fire.

Utani kando, usimwache kimya. Hata "upo?" inatosha kwa sasa.

#3 MzeeWaNgalawa · saa 9:19 usiku

Kijana, nimezeekea ufukweni na nimeona mengi. Anayetaka kujitoa roho hatangazi. Anayetangaza anataka kubembelezwa. Kalale. Kesho atakuomba UC, zile pesa za gemu, za kununulia mavazi, utanikumbuka.

#4 DadaZamu · saa 9:27 usiku

Niko zamu wodini, nitajibu kwa vipande.

Mzee #3, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Wengi waliojiua waliwahi kumdokezea mtu kabla. Wengine kwa maneno kamili, wengine kwa mzaha kama huu wa lobi, na aliyeambiwa akacheka.

MtuWaBarani, muulize waziwazi. Usizunguke na "mawazo mabaya" wala "usije ukafanya ujinga". Mwandikie kwa maneno yako: uliposema umechoka kuishi, unafikiria kujiua? Kisha ngoja. Usiijaze chati mahubiri.

Akisema ndiyo, mshukuru kwa kukwambia. Halafu muulize ni usiku huu au ni fikra inayokuja na kuondoka, na yuko na nani nyumbani. Kama kuna kitu amekiandaa, akitoe chumbani, ampe mtu amwekee. Na hapa kwenye uzi kisitajwe ni kitu gani.

#5 MtuWaBarani · saa 9:31 usiku

Nimemuuliza hivyo hivyo. Amesoma. Kimya.

#6 MzeeWaNgalawa · saa 9:34 usiku

Ndio mmemfunza sasa. Neno hilo halitamkwi mbele ya mtu mwenye huzuni. Alikuwa na uchovu wake tu, nyinyi mmempa wazo.

#7 DadaZamu · saa 9:41 usiku

Mzee, hilo limechunguzwa miaka mingi na katika nchi nyingi. Kumuuliza mtu hakumtii wazo ambalo hana. Kama analo, wengi huhisi wametuliwa mzigo. Naitwa kitanda cha mwisho, narudi.

#8 MtuWaBarani · saa 9:52 usiku

Amejibu. "Ndio." Neno moja. Baadaye akaongeza "sio leo". Yuko chumbani peke yake ila nyumba ina watu. Nilivyoelewa ni kwa ndugu, si kwa wazazi.

Anataka nimwahidi sitamwambia mtu yeyote. Nimwahidi?

#9 KashaLaAmu · saa 9:55 usiku

Usimpe ahadi hiyo, mwanangu. Mwambie: sitakutangaza, ila nikiona roho yako i hatarini nitamwita mtu, na nitakwambia kabla sijamwita. Akikasirika, na akasirike yeo, kesho mtapatana.

Nami ni macho kwa joto tu. Huku Langoni, Lamu, umeme umekatika tangu magharibi.

#10 Booyah_Watamu · saa 9:58 usiku

Umeme hamna tangu magharibi lakini chaji ya kusoma uzi saa kumi za usiku ipo. Amu bwana.

#11 KashaLaAmu · saa 9:59 usiku

Chaji ipo kwa sababu sichezi gemu.

#12 JichoLaMtandao · saa 10:03 alfajiri

Nitaonekana mbaya lakini lazima mtu aseme. Hii njia naijua. Mtu anajenga urafiki polepole, kisha inaingia huzuni, kisha inaingia bili ya hospitali, na mwisho unatumiwa namba ya M-Pesa. Zamani yalikuwa makundi ya wachumba, siku hizi ni magemu. Jiulize kwa nini akuchague wewe asiyekujua, asimwambie mamake.

#13 MtuWaBarani · saa 10:09 alfajiri

Hajaniomba hata shilingi. Kinyume chake, juzi alitaka kunipa akaunti yake nzima na nywila yake. Ina mavazi aliyoyalipia pesa nyingi. Nilidhani anaacha gemu kwa ajili ya mitihani.

#14 Booyah_Watamu · saa 10:10 alfajiri

Akaunti ya bure na ukaikataa???

#15 DadaZamu · saa 10:22 alfajiri

Booyah, subiri kidogo. MtuWaBarani, hilo la akaunti ndilo limenifanya niketi. Mtu kuanza kugawa vitu anavyovipenda ni dalili tunayofundishwa kuitazama. Peke yake si hoja, watu huacha magemu kila siku. Ikifuatana na "nimechoka kuishi" ni jambo jingine. Usiipokee. Mwambie nafasi yake kwenye skwadi ipo na akaunti ni yake.

Namba, kwa yeyote anayesoma. Kenya: Befrienders Kenya 0722 178 177, na Msalaba Mwekundu 1199, ya bure. Kwa watoto ni 116, na hiyo 116 ipo Kenya na Tanzania pia. Kama huyu hajafika miaka kumi na minane, itamfaa huko huko aliko. Muulize umri.

#16 TangaTupo · saa 10:36 alfajiri

Wakuu, mimi niko Tanga, Ngamiani. Nimeamkia swala nikakuta uzi. Kama kweli yuko mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, mapokezi ya dharura hayafungwi. Mleta mada, nitajie mtaa wake nimfuate asubuhi.

#17 DadaZamu · saa 10:40 alfajiri

Kaka, nia yako njema, lakini fikiria kijana asiyetaka mtu ajue anagongewa mlango na mtu mzima asiyemfahamu. Atatuzima wote kwenye simu. Aanze yeye kumtaja mtu wake. Wewe kaa karibu, Bombo tutakuhitaji.

#18 Kobe_wa_Casuarina · saa 1:15 asubuhi

Msihusishe hospitali wala polisi. Kujaribu kujiua ni jinai, miaka miwili ndani. Jirani yetu alitolewa wodini akapelekwa kituoni na drip bado mkononi.

#19 WakiliChipukizi · saa 1:32 asubuhi

Kwa Kenya hayo ni ya zamani. Kilikuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Waliokwenda mahakamani ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

#20 TangaTupo · saa 1:40 asubuhi

Sawa wakili, lakini kijana yuko Tanzania. Huku kwetu ni kifungu cha 217.

#21 WakiliChipukizi · saa 1:47 asubuhi

Kweli, hukumu ya Nairobi haivuki mpaka wa Horohoro. Ila soma kifungu chenyewe: kinasema kujaribu. Kuwaza hakujawahi kuwa kosa, huku wala huko. Kijana aliyesema amechoka akaenda Bombo kuomba msaada hajavunja sheria yoyote. Mwambieni hivyo, pengine hofu hiyo nayo anayo.

#22 Ust_Riyadha · saa 2:05 asubuhi

Asalaam aleikum. Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu aliyemtaja Mola. Sura An-Nisaa aya ya 29 imekataza jambo hili wazi. Kijana akumbushwe adhabu yake, asomewe ruqya, kisomo cha kinga, maana mengi ya haya ni wasiwasi wa shetani. Vijana wanakesha na simu, alfajiri wamelala, mtaona nini kingine?

#23 KashaLaAmu · saa 2:20 asubuhi

Ustadhi, aya hiyo hiyo inamaliziaje? Inamaliziwa kwa huruma ya Mwenyezi Mungu kwetu. Mbona umeikata kabla haijafika?

Na katika Sahih Muslim ipo hadithi ya mtu aliyehamia Madina pamoja na sahaba Tufayl bin Amr, akaugua, maumivu yakamshinda akajiua. Tufayl akamuona ndotoni, akamsimulia Mtume, na Mtume akamwombea maghfira. Haikuhalalisha kitendo. Lakini kama aliyekwisha kujiua aliombewa, huyu aliye hai anayeandika lobi tutamwanzaje na moto?

#24 Ust_Riyadha · saa 2:31 asubuhi

Hadithi ni sahihi, sipingi. Nakusudia asiachwe akadhani ni jambo dogo.

#25 KashaLaAmu · saa 2:33 asubuhi

Hajadhani ni dogo, ustadhi. Ndiyo maana halali.

#26 Binti_Muyeye · saa 2:58 asubuhi

Mimi si mwandishi humu, husoma tu. Leo nitaandika kwa sababu ya #12, anayeuliza kwa nini asimwambie mamake.

Nilikuwa upande wa Kaskazi. Nacheza Ludo ya simu, huko unakutana na watu wa kila mahali. Nilikuwa na mwaka mbaya, sitaueleza. Mamangu nilimpenda mno kumwambia. Ningemwambia, angelia, kisha ningekuwa na mzigo wangu na wake. Shangazi angeita mkutano. Mchumba angejua. Muyeye nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Mtu wa Ludo alikuwa Mombasa, hakujua nyumba yetu, na nikitaka namfungia tu anapotea. Ndiyo maana nikamwambia yeye. Ni rahisi kumwambia mtu ambaye hutakutana naye kwenye arusi.

Kuhusu yaliyosaidia. Alinitumia sauti ndefu za mawaidha, sikusikiliza hata moja. Aliniambia wengine wana shida kuliko mimi, nikajiona na mkosi tena mwenye kukufuru. Kilichonivuta ni kwamba kesho yake aliuliza, "umekula?" Nikamwambia sijala. Akasema kaa mtandaoni, nenda kale, nakungoja. Nikaenda kweli, nikarudi, tukacheza. Siku nyingine akauliza kama kuna mtu mmoja tu nyumbani ambaye hatapiga kelele. Nikamtaja dada yangu wa baba mwingine. Hapo ndipo mlango ulifunguka.

#27 Booyah_Watamu · saa 3:02 asubuhi

Dada tunashukuru umebaki. Ludo yenyewe lakini unaiba, naijua hiyo ya Muyeye.

#28 Binti_Muyeye · saa 3:06 asubuhi

Siibi, nyinyi hamjui kuhesabu 😂

#29 Tabasamu_Mayungu · saa 3:40 asubuhi

Mimi nahisi ni kamari za simu. Vijana wa rika hilo wanacheza ile ndege inayopaa, wanakopa programu za mikopo, wakishindwa kulipa wakopeshaji wanapigia majina yote kwenye simu yake. Aibu hiyo imemaliza watu. Muulizeni ana deni kiasi gani.

#30 Kobe_wa_Casuarina · saa 3:52 asubuhi

Au unga, dawa za kulevya. Tusijifanye hatuujui hapa Malindi, kliniki ya methadoni, dawa ya kuachia unga, ipo hospitalini kwetu na foleni yake mnaiona.

#31 TangaTupo · saa 4:10 asubuhi

Au matokeo ya kidato cha nne. Huku mtoto akipata sifuri, nyumba nzima inamuita sifuri.

#32 MzeeWaNgalawa · saa 4:15 asubuhi

Au uvivu. Sisi tulikuwa na njaa na hatukuwaza haya. Mtu akipambana na tanga la ngalawa tangu alfajiri hana nafasi ya kuchoka kuishi.

#33 DadaZamu · saa 4:44 asubuhi

Nimetoka zamu, nasoma kwenye tuktuk.

Mzee wangu, mliwaza pia, ila ilisemwa fulani ameanguka baharini. Nimelelewa Shella hapa Malindi, hadithi hizo nimezisikia na wewe unazijua.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 720,000 kila mwaka, na kwa umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Hao wote hawakuwa wavivu. Kuhusu deni, unga, matokeo, shetani: linaweza kuwa moja, yanaweza kuwa matatu pamoja, na kijana mwenyewe huenda hajui lipi lilianza. Tusimpigie kura.

#34 JichoLaMtandao · saa 4:58 asubuhi

Bado nasema awe na tahadhari na pesa.

#35 DadaZamu · saa 5:01 asubuhi

Hapo tuko pamoja. Asitume pesa. Kumsikiliza ni bure.

#36 MzeeWaNgalawa · saa 5:10 asubuhi

Na mimi niulize kwa wema. Mtu akiamua si ameamua? Utamzuia leo, kesho utakuwa wapi?

#37 Msimamizi · saa 5:25 asubuhi

Posti iliyofuata hapa nimeiondoa kwa sababu ilieleza njia. Mwenye posti nimemwandikia faraghani. Humu hatutaji njia, hata kwa mfano wa mtu wa zamani. Endeleeni.

#38 DadaZamu · saa 5:50 asubuhi

Namjibu Mzee kwa mfano mmoja. Sri Lanka walikuwa na vifo vingi sana vya namna hii. Serikali ikaondoa sokoni, hatua kwa hatua, sumu za mashamba zilizo kali zaidi, na vifo vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Shida za watu hazikuondolewa na sheria hiyo. Ila ile saa mbaya ilipofika, kitu hakikuwa karibu, na saa hupita. Wengi waliovuka saa hiyo hawakuja kufa kwa njia hiyo maishani mwao. Kwa hiyo "kesho utakuwa wapi" ni swali zuri, Mzee, lakini kufika kesho ni kazi kubwa tayari.

#39 MkongweWaKibodi · saa 7:20 mchana

Nimechelewa. Naona watu wanasema "mtu wa gemu tu". Kulikuwa na kijana wa Norwei, Mats Steen, mgonjwa wa misuli tangu utotoni, akicheza World of Warcraft kutoka kitini. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, kwa maradhi yake hayo. Wazazi walidhani mtoto wao alikuwa mpweke. Walipoandika kwenye blogu yake kwamba amekufa, zikaanza kumiminika barua za wachezaji wa nchi mbalimbali, na baadhi wakasafiri kwenda mazishini. Hawakuwahi kumuona ana kwa ana.

#40 Kobe_wa_Casuarina · saa 7:31 mchana

Hao ni Wazungu wana nauli.

#41 MkongweWaKibodi · saa 7:33 mchana

Na wewe Malindi umezungukwa na Wataliano huna hata nauli ya Gede.

#42 MtuWaBarani · saa 8:05 mchana

Nimelala kidogo nikaamka. Asanteni, nimesoma zote.

Nilimwambia kama KashaLaAmu alivyoandika, neno kwa neno karibu. Alikasirika, akatoka mtandaoni, nikadhani basi. Saa nne akarudi. Nikamuuliza kama amekula (asante dada wa Muyeye). Hakuwa amekula. Sasa amekula chapati.

Ana miaka kumi na tisa. Ya deni, nilimuuliza, anasema si deni. Ya shule akanyamaza. Nikamuuliza kama yupo mtu mmoja asiyepiga kelele. Amemtaja mama mdogo, yuko Muheza. Ila hataki kumpigia yeye mwenyewe, anasema sauti haitatoka.

Swali: nimpigie mimi? Na wenzangu wa skwadi niwaambie?

#43 WakiliChipukizi · saa 8:11 mchana

Mpigie kwa idhini yake, na iwe kwa maandishi, akwambie "mpigie". Ubaki na ushahidi.

#44 KashaLaAmu · saa 8:14 mchana

Ushahidi wa nini, hii si kesi ya shamba. Mpigie, kijana akiwa anajua saa unayopiga.

#45 Binti_Muyeye · saa 8:19 mchana

Skwadi usiwaambie habari yenyewe. Waambie tu Kaskazi hayuko vizuri, wasimtanie akifa mapema, na mmoja awe naye mtandaoni usiku ukiwa umelala. Wewe pia ni mtu.

#46 JichoLaMtandao · saa 8:25 mchana

Kwenye Discord, programu ya wachezaji kuongea, kuna sehemu ya kuripoti mtu aliye hatarini kujidhuru. Kama mna chumba chenu huko, hiyo nayo ni njia.

#47 Booyah_Watamu · saa 8:28 mchana

Mtu anakwambia siri unamripoti, kesho anakuta akaunti imefungwa. Hapo ndio atachoka kabisa.

#48 DadaZamu · saa 8:40 mchana

Ripoti ni ya pale ambapo amepotea na huna njia nyingine. Sasa anaongea, ana jina la mama mdogo. Piga hiyo simu. Usianze na neno zito. Sema wewe ni nani, mnajuana vipi, na kwamba kijana amekuruhusu. Kisha umwambie ukweli.

Watu wa Malindi mnakumbuka 2023 wakati wa vifo vya wafuasi wa dhehebu kule Shakahola, Msalaba Mwekundu walipoweka meza hospitalini kwetu, ya kutafuta jamaa na ya ushauri? Nilichokiona pale ni kwamba watu walikuja wakisema wanatafuta ndugu, na baada ya dakika kumi walikuwa wanajizungumzia wao. Mama mdogo naye atahitaji kusikilizwa. Mpe nafasi.

#49 MtuWaBarani · saa 12:50 jioni

Nimepiga WhatsApp. Nilipojitambulisha tu, "mimi ni rafiki wa mwanao wa kwenye gemu, niko Kenya," akakata. Nikapiga tena, akanifungia.

#50 JichoLaMtandao · saa 12:52 jioni

Amenisoma mimi huyo 😅

#51 MzeeWaNgalawa · saa 12:58 jioni

Mtumie ujumbe wa kawaida, si wa intaneti. Andika jina halisi la kijana ambalo wao wa nyumbani tu wanalijua, muombe kijana akupe. Mtu mzima akiona jina la utotoni atasimama. Na umwamkie shikamoo, mnasahau.

#52 Booyah_Watamu · saa 1:01 usiku

Mzee?? Si ulisema tukalale?

#53 MzeeWaNgalawa · saa 1:03 usiku

Nilisema yeye akalale. Mimi silali.

#54 MtuWaBarani · saa 2:35 usiku

Imefanya kazi. Nilimtumia jina lake la utotoni, kumbe ndilo alilokuwa akiitwa na marehemu bibi yake. Akapiga mwenyewe, amenihoji kama mwalimu mkuu: unataka pesa? dini gani? umemjuaje? Kisha akauliza, "amesema hivyo kweli?" Nikamsomea. Akawa kimya, akaniambia tangu bibi afe kijana hakai na watu. Kaskazi hakuwahi kunitajia bibi.

Amepanda bodaboda mpaka stendi, amefika Tanga, yuko naye chumba kimoja usiku huu. Kaskazi kaniandikia: "umeniletea vita." Dakika mbili baadaye: "asante. usimwambie mtu nimelia."

#55 Tabasamu_Mayungu · saa 2:44 usiku

Kumbe msiba. Bado lakini muulize deni.

#56 Ust_Riyadha · saa 2:50 usiku

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Mimi nasema bado kuna la rohoni, asomewe. Na hospitali aende, sikatazi.

#57 TangaTupo · saa 2:55 usiku

Bibi alikufa, sawa, lakini alinyamaza pale pa shule. Mimi sijatoka kwenye matokeo.

#58 MtuWaBarani · saa 11:20 jioni, Jumapili

Ameingia gemu leo, amecheza mechi mbili, amecheka kwa maiki. Yamekwisha, au?

#59 DadaZamu · saa 11:48 jioni

Nafurahi, lakini usihesabu kicheko kimoja. Mtu anaweza kutulia ghafla kwa sababu nyingi na si zote nzuri. Muulize tena kwa swali lile lile, hatashangaa safari hii. Na mama mdogo aulizwe kama kuna kitu alichokiandaa, na kama kimetolewa chumbani. Aliye karibu na kijana sasa ni yeye, wewe rudi kuwa mtu wa skwadi.

Kesho Jumatatu waende Bombo wote wawili. TangaTupo, unajua siku za kliniki ya afya ya akili pale?

#60 TangaTupo · saa 12:02 jioni

Sijui kwa uhakika, sitaki kuwapoteza. Asubuhi napita dirisha la mapokezi nikielekea kazini, nitauliza siku na kama wanahitaji barua ya zahanati kwanza. Nitaandika hapa kabla ya saa mbili.